Barua Iliyosubiri Baraza

Chapwa, Tunduma
Jumatatu, 8 Februari 1999

Mchungaji Kibona,

Barua hii anakuletea dereva wa pikapu ya mahindi. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu. Yale ya kuulizana uzima nayaruka. Ungetaka kujua kama mimi ni mzima ungeuliza mwezi wa tisa.

Jambo ni moja. Mama yake Luhaga anakuja.

Nakukumbusha, maana huko Isongole labda umepata kondoo wapya. Luhaga ni yule Msukuma wa bonde la Momba, miaka 24, aliyekuwa anabeba mizigo kwenye foleni ya malori mpakani. Alikaa kwenye Meza yetu ya Jumatatu, ugali tuliokula nanyi wachungaji kwenye kiwanda changu cha tofali, mara 58 kati ya 63. Wewe ndiye uliyemnawisha mikono siku ya kwanza, akakuambia, "Mchungaji, maji ya moto hivi, unanibatiza au unaninyonyoa?" Ukacheka mpaka birika likakuponyoka. Huyo.

Alikufa Jumamosi tarehe 19 Septemba, homa ya siku nne. Nilikwenda kwa wachungaji wenzako watatu, wote wa Meza, wote walikuwa wamekalia tofali zangu na kula ugali wangu. Kila mmoja aliniuliza swali lilelile: "Ana barua?" Nikasema amekula na nyie mwaka mzima. Wakasema kula ni kula, Watson, lakini barua ya utambulisho kutoka kanisa la kwao iko wapi? Sheria hiyo naijua. Mkristo akihama bila barua ya kwao hahesabiki, hashiriki, haoi, hazikwi. Nikaenda posta, nikasubiri simu kwa saa mbili na robo, nikakupata Mbeya kwenye mkutano wenu. Ulinyamaza, nikadhani laini imekatika. Halafu ukasema, "Watson, utaratibu ni utaratibu." Simu ikawekwa.

Jumatatu tarehe 21 nilimzika mimi. Tofali 38 za kaburi nilifyatua mwenyewe, zilikuwa bado hazijakauka vizuri. Zaburi niliyoijua ni moja, nikaisoma mara mbili ili ionekane ibada. Tulikuwa watu 9.

Halafu nikakosea. Niliwaandikia kwao kwamba amezikwa na wachungaji wanne. Sijui kwa nini nilisema wanne. Uongo wa mmoja ungetosha. Sasa mama anakuja Jumatatu ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, kuwashukuru hao wanne kwa mkono wake. Anakuja na kuku wanne.

Wa kwanza amehamishiwa Songea. Wa pili anasema magoti yanamuuma. Wa tatu amesema hawezi kusimamia asichokifanya, na huyo ndiye mkweli kuliko wote. Umebaki wewe. Nataka uje, usimame kaburini, useme ulimzika. Dakika kumi. Baada ya hapo sitakuandikia tena.

Watson Simkonda

*

Isongole, Ileje
19 Februari 1999

Mwanangu mpendwa Watson,

Bwana Yesu asifiwe sana. Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili, na hata ukali wake nimeupokea, maana mwana anapogomba na baba ni kwamba bado yumo nyumbani.

Huku tunaendelea kwa neema. Mvua ni nyingi, barabara ya kwenda Mpemba imekuwa tope tupu. Wiki iliyopita gari la mahindi lililala njiani siku mbili. Sijui kama Aprili itakuwa imepitika. Tumwombe Mungu.

Kuhusu ombi lako, moyo wangu ni mzito. Kusimama mbele ya kaburi na kumwambia mama mzazi jambo ambalo halikuwa, mimi mtumishi wa miaka 26, ni mzigo. Nipe nafasi niliombee.

Kuna jambo lingine ninalokuhitaji. Wachungaji wa makanisa ya huku wamesikia habari za Meza. Vijana wanavuka kwenda Malawi na kurudi, wengine wametoka Mbozi, wengine Rungwe, hakuna anayejua wanaabudu wapi. Wameniomba niandike namna tulivyofanya Tunduma, ili nao wakae na vijana wao kama ndugu. Nimekaa na karatasi jioni tatu. Nakumbuka vicheko, mpangilio umenitoka. Wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu. Luhaga alikuwa anasema hata mbinguni Kaka Watson atasimama mlangoni kuhesabu malaika, akikuta mmoja amepungua hataingia. Nisaidie.

Na jingine dogo tu. Marehemu aliacha vitu gani? Nguo, karatasi zozote? Kama mama anakuja, ni vizuri vitu vyake viwe vimekusanywa. Kama kuna karatasi, nijulishe ni zipi.

Baba yako katika Kristo,
Mch. Ipyana Kibona

*

Chapwa, Tunduma
Jumatatu, 1 Machi 1999

Mchungaji Kibona,

Usiniite mwanangu. Nina miaka 31. Baba yangu yuko Hasamba anapalilia kahawa, na akinikosea huwa anasema amenikosea.

Umetaka mpangilio. Huu hapa, waandikie wenzako.

Jumatatu, kwa sababu ndiyo siku mchungaji hana kazi, na kibarua akilala njaa Jumatatu wiki nzima inaharibika. Mahali pasiwe kanisani. Kanisani kila mtu anakumbuka jina la kanisa lake. Sisi tulikuwa kiwandani kwangu, mbao mbili juu ya tofali. Wote wanakalia tofali, mchungaji asiletewe kiti. Mchungaji ndiye anayenawisha, kijana wa mwisho kunawa ndiye wa kwanza kumega. Hakuna mahubiri. Mchungaji akianza "wapendwa", anapewa kijiko akoroge maharage. Tulianza tarehe 7 Julai 1997 tukiwa 9: ninyi wanne, vijana watano. Jumatatu ya 20 tulikuwa 23. Ya 60 tulikuwa 41, Wanyiha, Wanamwanga, Wandali, Wasukuma watatu, na Wabemba wawili kutoka Nakonde ng'ambo.

Na hivi ndivyo inavyokufa, waandikie na hili. Jumatatu ya kuzika tulikuwa 9. Iliyofuata 6. Halafu 3, mmoja wao Ruti, muuza dagaa, ambaye alikuja kurudisha sufuria. Halafu mimi. Nilipika kilo moja ya unga, nikala peke yangu, nikanawa mwenyewe. Kesho yake nilifyatua tofali 300. Watu wananiuliza kama nililia. Jibu ni tofali 300.

Vitu vya marehemu: suruali mbili, redio isiyo na betri, fimbo ya kuchungia, ng'ombe wenyewe hakuwa nao. Karatasi hakuna. Mbona umeuliza karatasi?

Nauliza kwa sababu mama ameandika tena. Anasema, mwinjilisti wao anashika kalamu. Nakunakilia:

"Mwanangu Watson, mimi Marta mama Luhaga nakusalimu. Kuku wamenenepa. Nitapanda lori la mpunga mpaka Mlowo, hapo nitaulizia. Nina swali, usinichoke. Ile barua ya utambulisho ya Luhaga tuliituma mwezi wa nane kwa mkono wa mchuuzi wa mpunga, aipeleke kwa mchungaji wa Chapwa. Mchuuzi anasema aliipeleka. Mimi sikusoma, lakini nilisimama pale ikiandikwa, nikataja mwenyewe siku ya ubatizo wake. Ilifika? Naona ilifika, ndiyo maana wamemzika wanne. Ila napenda kusikia."

Mwezi wa nane. Mchungaji wa Chapwa ulikuwa wewe.

Barua gani, Mchungaji?

W. Simkonda

*

Chapwa
Jumatatu, 15 Machi 1999

Mchungaji,

Dereva ameapa alikukabidhi tarehe 2, ukiwa umesimama mlangoni na shati la bluu. Siku 13. Zimebaki 21 mama afike.

Sihitaji uombee. Nimeuliza barua gani.

W.S.

*

Isongole
24 Machi 1999

Ndugu Watson,

Barua ilifika.

Nimeandika mstari huo mara nyingi na kuuchana, kwa hiyo nimeuweka mwanzo nisipate pa kukimbilia.

Mchuuzi aliileta Jumanne tarehe 25 Agosti. Niliisoma nikiwa nimesimama. Iko sawasawa, ina muhuri, ina siku ya ubatizo. Unaujua utaratibu wetu: mchungaji hampokei mtu peke yake. Barua inapelekwa kwenye baraza la wazee, wazee wanaijadili, ndipo inasomwa mbele ya ushirika Jumapili, jina linaingia kitabuni. Baraza linakaa mara moja kwa miezi mitatu. Lilikuwa likae Jumamosi tarehe 3 Oktoba. Nikaitia kwenye bahasha ya agenda, nikaandika juu yake namba 7. Sikumwambia Luhaga, nilitaka ashtuke kwa furaha siku atakaposikia jina lake likisomwa. Nilimnawisha Jumatatu tatu nikiwa na barua yake, sikumwambia.

Ulipopiga simu Mbeya, bahasha ilikuwa kwenye begi langu, chini ya meza ileile ya simu. Ungependa kipimo: haikufika mita moja. Ndiyo maana nilinyamaza. Kama ningesema barua ipo, wenzangu wangeniuliza imesomwa lini. Ningesema haijasomwa. Wangesema basi umempokea mtu kwa mamlaka gani. Na waliokuwa chumbani walikuwa wakubwa wangu. Nikafikiri, Watson ni mtu wa vitendo, atapata mwingine. Nikasema nilichosema.

Niliporudi alikuwa ameshazikwa. Nikasema nitaipeleka barazani hata hivyo. Tarehe 3 Oktoba mzee wa zamu aliuliza, namba 7 ni nini? Nikasema imepitwa na wakati. Wakaenda namba 8, mabati ya choo.

Nilipoletewa uhamisho wa kuja huku, nilishukuru. Nilikuuliza karatasi kwa sababu niliogopa mchuuzi alimpa Luhaga nakala.

Barua ya Luhaga naifunga humu. Sina haki nayo tena. Baba sitajiita.

Sijui kama nitakuja Pasaka. Siogopi tope.

Ipyana Kibona

*

Chapwa, Tunduma
Jumatatu, 12 Aprili 1999

Ndugu Kibona,

Uliondoka Jumatatu ya Pasaka kabla ya ugali kuiva, kwa hiyo nakuandikia usiyoyaona. Nayaandika yakae mahali, si kwa ajili yako.

Kwanza, sikukutegemea. Nilipokuona unashuka njia ya makaburini na tope mpaka magotini, nilidhani ni mtu wa Idara ya Maji. Pili, nilikuwa nimeshajipanga kudanganya peke yangu. Nilikuwa na maneno tayari: wa kwanza Songea, wa pili mgonjwa, wa tatu safarini, wa nne tope. Yote kweli isipokuwa yale yaliyo katikati.

Uliposema mbele ya watu 17, "Mama, mimi sikumzika mwanao, na barua yake nilikuwa nayo," nilikasirika. Miezi sita nimebeba uongo ule kwa ajili ya mama, wewe ukaja ukautua kwa sentensi moja. Bado nimekasirika kidogo.

Mama alinyamaza, uliona. Ukaondoka ukidhani amekulaani. Ulipopotelea kwenye kona ya kiwanda, akaniuliza, "Kumbe ilifika?" Nikasema ilifika, mama. Akasema, "Basi." Akakaa kwenye tofali. Baada ya muda akasema tena, "Ulipokaa bila kunijibu, mchuuzi nilimwita mwizi mbele ya watu. Itabidi nimwombe radhi."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe uliniandikia wanne."

Nikasema ndiyo.

"Wanne, Watson! Hata bwana harusi hapati wanne." Ruti akacheka, akaziba mdomo, na mama naye akacheka, cheko fupi kama kikohozi. Mimi sikuweza. Tangu mwezi wa tisa uso wangu umekuwa kama tofali lililowekwa mwisho, halina la kubeba, lipo tu.

Akataka barua isomwe. Nikampa Ruti, maana anasoma vizuri kuliko mimi. Ina mistari 11. Alipofika "tunamkabidhi kwenu kijana wetu huyu, mpokeeni kama mngetupokea sisi", mama alimwambia arudie. Akarudia mara tatu. Hakuna aliyesema amina, hatukujua kama ni mahali pake.

Kuku: mmoja ni wako. Amesema, "Huyu ni wa yule aliyekuja." Watatu amerudi nao Momba. Wako yuko kwangu, anadonoa saruji, njoo umchukue au niambie nimchinje.

Jambo la mwisho. Wale 17 walikula. Nilikuwa nimepika ugali wa watu sita, ikabidi Ruti akope unga kwa jirani. Hakuna aliyenawishwa, kila mtu alijinawia. Leo ni Jumatatu tena, sikumwita mtu, wamekuja 11. Nimewauliza mnataka nini. Wamesema, "Kaka Watson, leo si Jumatatu?"

Hakuna mchungaji hata mmoja kati yao.

W. Simkonda

*

Isongole
3 Mei 1999

Ndugu Watson,

Kuku mchinje, mle Jumatatu.

Nimewaeleza wazee wa hapa yote, kuanzia bahasha mpaka namba 7. Walisikiliza vizuri. Wamenisimamisha huduma miezi sita, na muda huo nakaa benchi la nyuma, sishiriki. Ni haki, mimi mwenyewe nimewakalisha wengi benchi la namna hilo na sikuwahi kulikaa. Linayumba mguu mmoja. Miaka 26 hakuna aliyeniambia.

Nyumba ya mchungaji nimeshaikabidhi. Binti yangu Rosemary ameolewa huko Chapwa, amesema nikakae kwake mpaka muda uishe. Nimeomba barua ya utambulisho kwa ajili ya kanisa la huko, angalau niwe na mahali pa kukaa nyuma. Katibu ameniambia baraza lina agenda nyingi, barua yangu itaangaliwa litakapokaa mwezi wa saba.

Nilitaka kucheka, Watson, nikakosa nguvu. Nikasema asante.

Sikuombi kitu. Najua Jumatatu yupo Ruti na watu wako, na najua wangapi walikuwa kaburini. Nitapita upande wa pili wa barabara. Ila ukinikuta sokoni, usishtuke.

Kwenye ile karatasi ya kuwaandikia wachungaji wa huku, nimeuacha mpangilio wote kama ulivyonipa, na chini nimeongeza jambo langu moja: mtu akikaa mezani mara moja, ameshapokelewa. Wamesema watalijadili.

Ipyana Kibona

*

Hasamba, Mbozi
Jumatatu, 10 Mei 1999

Kwa Ruti, na kwa wote wanaokalia tofali siku ya Jumatatu, Chapwa

YAH: UTAMBULISHO

Mimi niko huku kwa baba kwenye mavuno ya kahawa mpaka Agosti, kwa hiyo naandika. Barua kama hii sijawahi kuandika. Nimefuata ile ya Luhaga mstari kwa mstari, pale palipofaa.

Mletaji ni Ipyana Kibona, Mndali, umri miaka 52, kazi yake ilikuwa uchungaji. Kwa sasa hana kazi. Nimemfahamu tangu Julai 1997.

Mwenendo wake: amekula nasi Jumatatu 63 bila kukosa hata moja. Ya 64 hakuja. Siku hiyo tulizika. Hiyo moja sijaifuta, na wala msiifute. Iacheni kwenye hesabu. Jumatatu ya Pasaka alikuja kwa miguu kutoka Mpemba, mmemwona, sina haja ya kueleza.

Barua ya kwao hana. Baraza lao linakaa mwezi wa saba.

Sisi hatuna baraza. Barua hii isomwe siku hiyo hiyo anapofika, kwa sauti, kabla ya chakula, awepo anasikia. Atakayetaka kukaa mbali naye akae, tofali ziko nyingi. Ruti, wewe ulikuwepo kaburini, ukishindwa kuisoma mpe mwingine.

Asipewe kiti. Mpeni birika anawishe. Maji yasiwe ya moto sana.

Tunamkabidhi kwenu.

Watson Simkonda